Sampuli zipo Mtwara, mashine zipo mbali: niingieje maabara za kimataifa?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mtafiti msaidizi hapa Mtwara, nina shahada ya kwanza ya kilimo na nimeanza ya pili. Nafuatilia mikorosho inayokauka ghafla huko Newala na Tandahimba. Upande mmoja wa mti unageuka kahawia, baada ya muda mti wote unakufa, mkulima anabaki na kuni. Nimekusanya vipande vya mizizi, vya shina na udongo. Vifaa nilivyonavyo ni hadubini ya kawaida na friza moja. Nasikia kuna maabara kubwa ambazo mtafiti wa nchi yoyote anaweza kuomba muda na kutumia mashine bila kulipa. Wengine wananitajia ile ya mwanga mkali iliyoko Jordan, wengine Nairobi, wengine Ulaya. Je, ni kweli? Naombaje? Halafu kuna mwanasayansi wa Ulaya tuliyefahamiana mtandaoni, anasema nimtumie vipande na udongo kwa posta, atanipimia bure. Nitume?

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo linaloweza kukuharibia mengine yote. Usitume.

Sisemi huyo mwenzako ana nia mbaya. Wengi wanaojitolea namna hiyo wana moyo safi. Lakini bahasha ya udongo na mizizi yenye ugonjwa ikitoka posta ya Mtwara bila karatasi zake, huenda isifike. Nchi za Umoja wa Ulaya zinazuia udongo kutoka nchi nyingi za nje, isipokuwa kwa kibali maalumu cha kisayansi ambacho maabara inayopokea hukiomba mapema. Bahasha yako itakamatwa na kuchomwa, na zile safari zako zote za Newala zitateketea nayo. Huku kwetu pia, mimea na vimelea vyake havivuki mpaka wa nchi hadi Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ijue na itoe idhini. Sheria hizi zina sababu. Mwaka 2013 ile kuvu ya TR4 inayoua migomba, ya jamii ya Fusarium ambayo huenda ndiyo inayoua mikorosho yako pia, iligundulika katika shamba la ndizi mkoani Nampula, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma kwetu. Ilitoka Asia, na tangu ifike hakuna aliyeweza kuiondoa.

Tuseme bahasha imefika salama. Hapo napo pana hasara, nayo huonekana baadaye. Sampuli zimekwenda, wewe umebaki. Atakayezipima ndiye atakayeona jambo usilolitarajia, ndiye atakayeuliza swali linalofuata, ndiye atakayeandika. Jina lako litatajwa kwenye shukrani, mwisho wa makala, na ujuzi wa kupima hutakuwa umeupata.

Sisi wa kusini tunalijua jambo hili kwa mfano mkubwa. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, kule Lindi, wakaondoka na zaidi ya tani 200 za miamba na mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, mingi ikiwa imebebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandarini. Yule mjusi mkubwa amesimama Berlin tangu mwaka 1937, kimo chake kinazidi mita 13. Watu hubishana kuhusu mifupa kurudi au kutorudi, na ni mjadala wa haki kabisa. Mimi kinachoniuma zaidi ni kwamba utaalamu nao ulipakiwa melini. Mwenyeji kama Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, aliijua kazi ile kwa mikono yake, lakini waliokaa mezani kuuliza mfupa huu ni wa mnyama gani, na kuandika jibu, walikuwa wengine.

Karibu karne moja baadaye, mkoa huohuo, mambo yalikwenda tofauti. Kuanzia mwaka 2002 wanajiolojia wa Uingereza walichimba visima vya utafiti pwani ya Kilwa na Lindi. Walikuwa wakitafuta magamba ya viumbe vidogo mno wa bahari ya kale, ambayo udongo wa mfinyanzi wa huko umeyahifadhi vizuri kiasi kwamba bado yanang'aa kama kioo. Kwa magamba hayo wanasayansi hukadiria joto la bahari la mamilioni ya miaka iliyopita. Vipimo vingine vilifanyika Uingereza kwa sababu mashine ziko huko. Lakini wataalamu wa TPDC, shirika letu la maendeleo ya petroli, walikuwemo tangu kuchimba, na majina yao yamo kwenye makala kama waandishi. Kwa hiyo inawezekana sampuli ikasafiri na mwenyewe asipotee. Inategemea mlikubaliana nini kabla haijasafiri.

Huyo mwenzako mjibu kwa adabu, kwa maneno kama haya: "Nashukuru sana. Ningependa tushirikiane. Naomba taasisi yangu na yako zisaini kwanza mkataba wa uhamishaji wa sampuli, unaoeleza vipimo vitakavyofanyika, nani mwenye matokeo, mabaki ya sampuli yatafanywaje na waandishi watapangwaje. Udongo hautasafiri, nitatoa DNA huku na kuileta ikiwa imekaushwa. Ningependa pia nijifunze kusoma matokeo mwenyewe." Mtafiti makini akipata barua hiyo atafurahi, kwa sababu hata yeye taasisi yake inamdai karatasi hizo. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, inahusu jambo hilohilo: anayetumia rasilimali za kijenetiki za nchi nyingine apate ridhaa na agawane faida. Akinyamaza baada ya barua hiyo, basi umejua.

Sasa, je, ni kweli kuna maabara zinazofunguliwa kwa watafiti wa nchi yoyote? Ni kweli. Kuna mashine ambazo ni ghali mno kwa chuo kimoja, pengine hata kwa nchi moja, hivyo hujengwa kwa kuchangiana na muda wake hugawanywa kwa ushindani. Hiyo ya Jordan inaitwa SESAME. Ilizinduliwa mwaka 2017 chini ya mwavuli wa UNESCO, na wanachama wake ni pamoja na Iran, Israel, Palestina, Misri, Uturuki na Pakistani. Baadhi yao serikali zao hazizungumzi, lakini wanasayansi wao wanapangiwa zamu kwenye mashine moja. Ni sinkrotroni: elektroni huzungushwa kwa kasi inayokaribia ya mwanga, na zinapokata kona hutoa eksirei kali kuliko ya hospitali kwa kiwango kisicho na ulinganisho. Ufaransa kuna sinkrotroni ya ESRF, mjini Grenoble. Uingereza kuna Diamond. Italia, mjini Trieste, kuna Elettra, na jirani yake ipo ICTP, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1964 na mwanafizikia Abdus Salam wa Pakistani kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu. Hizo mbili zina mpango wa pamoja wa kuwawezesha watafiti wa nchi zinazoendelea kutumia mashine za Elettra. Afrika bado haina sinkrotroni hata moja, ingawa wanasayansi wa bara hili wanaidai kwa miaka mingi sasa, na mimi ni mmoja wa wanaoitamani.

Utaratibu wao unafanana. Wito wa maombi hutoka, kwa ESRF na Diamond mara mbili kwa mwaka. Unaandika ombi fupi. Jopo la wanasayansi wa nchi mbalimbali linalisoma na kulipa alama. Ukipita unapewa muda, unaohesabiwa kwa zamu za saa 8, usiku na mchana, kwani mashine hailali. Hulipii mashine, mradi matokeo utayachapisha watu wote wayaone. Kampuni inayotaka kuyaficha ndiyo inayolipa. Tiketi na malazi ni habari nyingine: mahali pengine wanakusaidia, mahali pengine wanawasaidia watafiti wa nchi wanachama peke yao. Uliza kabla ya kuomba.

Lakini dada, huhitaji Jordan. Si sasa.

Nimesoma maombi mengi ya vijana wetu, na kosa linalojirudia kuliko yote ni kuomba mashine. "Naomba kutumia sinkrotroni kuchunguza ugonjwa wa mikorosho." Ombi la namna hiyo halipiti, hata mwombaji angekuwa hodari vipi, kwa sababu jopo haligawi mashine. Jopo linatafuta swali ambalo mashine ile tu ndiyo inayoweza kulijibu, na mtu ambaye amekwisha kufanya yote yanayowezekana bila mashine hiyo. Wewe swali lako kwa sasa ni hili: ni nini kinachoua miti hii? Hilo linajibiwa kwa sehemu kubwa hapohapo Mtwara, kwa vyungu, miche na uvumilivu.

Kabla ya yote panda gari uende Naliendele, kwenye kituo cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Ugonjwa wa mnyauko fuzari wa mikorosho, unaoletwa na kuvu ya Fusarium, uliripotiwa kwanza nchini katika kijiji cha Magawa, Mkuranga, mwaka 2012, na watafiti wa TARI Naliendele wamekwisha kuuchunguza na kuandika juu yake. Nashangaa namna tunavyoijua anwani ya Grenoble kabla ya kupiga hodi kwa jirani aliyeko barabara ya Newala. Waulize wamepata nini, wamekwama wapi, na sampuli za Newala na Tandahimba wanazo au hawana. Pengine swali lako la kwanza limeshajibiwa, na lako halisi ni la pili: kuvu inayoua Newala ni ileile ya Mkuranga, au ni nyingine? Swali la pili lina nguvu zaidi mbele ya jopo lolote. Linahusu ugonjwa unavyosafiri, na mkulima atataka kujua kama unasafiri na miche, na majembe, au umekuwepo udongoni siku zote.

Halafu fanya kazi ya kuvu yenyewe. Chukua kipande cha shina pale ambapo mbao yenye michirizi ya kahawia inapakana na mbao nzima, si katikati ya palipooza. Palipooza utaotesha vijidudu vya kila aina vilivyokuja kula maiti. Osha, kata vipande vya nusu sentimeta, vitie kwenye dawa ya kung'arishia nguo iliyopunguzwa makali hadi asilimia 1, kwa dakika moja au mbili, suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwa mvuke, kausha kwa karatasi safi. Chakula cha kuvu ni viazi mviringo gramu 200 vilivyochemshwa na kuchujwa, sukari ya dekstrosi gramu 20, agari gramu 15 hadi 20, maji yajazwe hadi lita moja, kisha vipikwe kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121, dakika 15. Kama huna otoklevu, sufuria kubwa ya presha inafaa. Kimimine kwenye sahani, kikiganda weka vipande vyako juu yake, kisha weka sahani mahali penye nyuzi 25 hivi. Baada ya siku tano hadi saba utaona utando mweupe, mara nyingi ukiwa na wekundu wa zambarau chini yake. Weka chini ya hadubini yako ya kawaida. Spora kubwa za Fusarium zimepinda kama mundu, zina vigawanyo ndani, na ukishaziona mara moja huzisahau. Kisha uoteshe upya kutoka spora moja peke yake, ili ujue kwamba ulichonacho ni kuvu moja na si mchanganyiko.

Hapo vijana wengi hupiga kelele kwamba wamempata muuaji. Bado. Fusarium oxysporum inaishi katika udongo wa karibu dunia nzima, na aina zake nyingi hazimdhuru yeyote. Kuikuta kwenye mzizi wa mti uliokufa ni sawa na kumkuta mtu msibani: huenda ameua, huenda amekuja kuzika. Ndiyo maana kanuni za Robert Koch za karne ya 19 hazijachakaa. Otesha miche yenye afya kwenye udongo uliopikwa, mingine uipe kuvu, mingine uipe maji matupu. Ngoja. Ikinyauka iliyopewa kuvu na nyingine ikabaki mizima, rudi utoe kuvu ndani ya iliyonyauka na uhakikishe ni ileile. Kazi hii ifanyike ndani ya kibanda chenye wavu, mbali na mashamba ya watu, maji yake yasimwagike ovyo, na mwisho kila kitu kichomwe au kipikwe. Tafadhali usiifanye nyuma ya nyumba Tandahimba.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi. Ukiwa na picha za miche hiyo, iliyokufa na iliyo hai ikiwa imesimama pamoja, umeshawashinda waombaji wengi wenye maabara bora kuliko yako.

Baada ya hapo ndipo mashine ya kwanza inapohitajika, nayo ni ya kusoma vinasaba. Kwa Fusarium usiridhike na kipande cha DNA kiitwacho ITS ambacho kila mtu hukitaja. Hakitofautishi vizuri aina zinazokaribiana. Soma kipande cha jeni la TEF1, herufi 700 hivi, na ulinganishe na hazina za mtandaoni ambazo ziko wazi kwa wote. Kwa hili pa kuanzia ni TARI Mikocheni, Dar es Salaam, ambako wamefanya kazi ya vinasaba vya virusi vya mihogo kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Kilimo Sokoine (SUA), Morogoro, na Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, nao wana maabara za kazi hii. Na mwaka 2017 watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya walionyesha kitu kilichonifurahisha sana: walitumia MinION, kifaa cha kusoma vinasaba kinachotosha kiganjani na kuchomekwa kwenye kompyuta ya kawaida, wakapima virusi vya mihogo na kumpa mkulima jibu kwa siku chache badala ya kungoja miezi. Siku hizi si lazima kila mara mtu aifuate maabara.

Ukitaka kusoma vinasaba vyote vya kuvu yako, kutoka Newala, Tandahimba na Mkuranga, na kuvilinganisha, hapo Nairobi inakufaa. Kampasi ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ina maabara za bayolojia zilizoanzishwa mahsusi kuwapokea watafiti wa Afrika Mashariki na Kati. Mtafiti huenda na swali lake na sampuli zake, hukaa kwa muda, hufundishwa, hurudi na data zake. Mtanzania hahitaji viza kwenda Kenya, bali pasi ya kusafiria tu, na kwa mtu wa mshahara wako hilo si jambo dogo. Angalia pia ufadhili wa TWAS, akademia ya sayansi kwa ajili ya nchi zinazoendelea, na kwa kuwa wewe ni mwanamke, OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Yote mawili yako Trieste, na OWSD linawafikiria hata wanasayansi wenye watoto.

Ombi lenyewe liandike hivi. Sentensi ya kwanza iwe swali, na liwe swali linaloweza kujibiwa ndiyo au hapana: "Je, kuvu inayoua mikorosho Newala imetokana na ile iliyoripotiwa Mkuranga mwaka 2012?" Sentensi ya pili iseme jibu litabadilisha nini: likiwa ndiyo, miche na magogo kutoka mikoa mingine yadhibitiwe, likiwa hapana, chanzo kitafutwe kwenye udongo wetu wenyewe. Kisha useme umeshafanya nini na utie picha. Kisha sampuli ni ngapi, ziko katika hali gani, zimetoka wapi. Kisha kwa nini mashine hii na si ndogo kuliko hii. Usisimulie umuhimu wa korosho katika uchumi wa taifa kwa ukurasa mzima. Msomaji aliyeko Grenoble au Nairobi anaweza kukubali kwa mistari miwili kwamba korosho ni maisha ya watu wa Mtwara, halafu anataka kujua una kuvu ngapi safi kwenye friza.

Na usiombe muda mwingi ili ukikatwa ubaki na wa kutosha. Tunafanya hivyo sokoni, na jopo huliona mara moja. Hesabu: kipimo kimoja kinachukua muda gani, una vipimo vingapi, matayarisho muda gani. Kama hujui, muulize mtaalamu wa kituo husika. Hili ndilo jambo ambalo wageni wa mfumo huu hawalijui kabisa: kila mashine ina mwanasayansi wake, anwani yake ya barua pepe imewekwa wazi, na kazi yake mojawapo ni kujibu watu kama wewe kabla hawajaomba. Mwandikie aya moja. Mweleze swali lako na umuulize kama mashine yake inaweza kulijibu. Akikwambia haiwezi, amekuokolea mwaka.

Kuhusu sampuli zitakazosafiri: kiache kiumbe hai nyumbani, isafiri DNA. Kuna kadi za karatasi ziitwazo FTA. Unadondoshea au kugandamizia sampuli, kadi inaua kimelea na kuhifadhi DNA, ikikauka inakaa kwenye bahasha katika joto la kawaida bila barafu wala friza. Kwa mtu anayetoka Mtwara, ambaye anajua umeme ukikatika usiku friza inafanya nini, hiyo ni nafuu kubwa. Bado utahitaji mkataba wa uhamishaji uliosainiwa na taasisi yako, si na wewe binafsi, na barua ya kupokea kutoka kule uendako. Mgeni akitaka kuja kukusanya nawe, yeye anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na asikanyage shambani bila hicho. Kila kuvu safi ihifadhi nakala mbili mahali pawili tofauti, mojawapo Naliendele wakikukubalia. Daftari la shamba liandike kwa wino: kijiji, tarehe, umri wa mti, mbegu kama mkulima anaijua, na kama miti jirani imeguswa. Hayo hayapimwi na mashine yoyote, na ukiyakosa sasa huwezi kuyapata Nairobi.

Kuhusu kupima kwa mbali: tangu mwaka 2020 vituo vingi vinakubali kupokea sampuli na mtafiti akaangalia kwenye skrini akiwa kwao. Ni jambo jema, litawasaidia wengi. Lakini safari ya kwanza nenda mwenyewe. Utakachojifunza kwa kukaa pembeni ya mtu anayekataa matokeo yake mwenyewe kwa sababu kipimo cha ulinganisho kimekwenda kombo, saa tisa usiku, hakiandikwi kwenye mwongozo.

Je, Jordan au Trieste zitakufaa siku moja? Naamini hivyo. Ukishajua kuvu ni ipi, kuna swali linalofuata ambalo naliona zuri sana: mti unakufaje? Mishipa ya maji inazibwa na kuvu yenyewe, au na utomvu na vizibo ambavyo mti wenyewe unavitoa kujikinga? Ukikata mbao kwa wembe ili uangalie, unaharibu unachokitazama. Eksirei ya sinkrotroni inaona ndani ya tawi bila kulikata, mshipa kwa mshipa, na hata kwenye mche ulio hai unaweza kuona mshipa unavyoacha kupitisha maji. Mbegu moja ya mkorosho ikivumilia na nyingine ikafa, hapo unaweza kuona tofauti yao iko wapi. Hilo ni swali la sinkrotroni, na mtu atakayelileta akiwa na kuvu safi, miche iliyopimwa na jina la kuvu lililothibitishwa kwa vinasaba, atasikilizwa. Anza kwanza na vipande vyembamba kwenye hadubini uliyonayo. Picha hizo ndizo zitakazoingia kwenye ombi.

Jambo moja la kuwaambia wakulima wako hata kabla hujapata jibu: mti uliokufa namna hiyo usikatwe na kusafirishwa kuni kwenda kijiji kingine, na jembe lililochimba hapo lioshwe udongo kabla ya kuingia shamba jirani. Hata kama chanzo kikija kuwa kingine, hakuna atakayepoteza kitu. Mwambie bwana shamba na viongozi wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wakusaidie kulitangaza kabla msimu wa kupalilia haujaanza.

Ukimaliza majaribio ya miche niletee rasimu ya ombi, isizidi kurasa mbili, pamoja na picha za sahani na za miche. Nitaisoma na kukurudishia ikiwa na alama nyekundu, na nikiona inafaa Nairobi kuliko kwingine nitakwambia umwandikie nani.